Mgeni Aliyepanda Kochi Jipya

Sijazoea kusema uongo, na kwa umri huu nimechelewa kujifunza. Nimekuwa katekista sehemu kubwa ya maisha yangu, nimewaandaa watoto wa hapa Milanzi kwa komunyo, kisha nikawaandaa watoto wao. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jambo hili lilitokea sebuleni kwangu, mke wangu akiwepo, lipokee kama ninavyokupa. Ukicheka sitakasirika. Hata paroko alicheka, ila alipomaliza aliomba kumwona mbwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ninyi vijana hamjui tulikotoka. Tulikuwa tumefua kwa majani ya mpapai na kuvaa viraka juu ya viraka, mara maduka ya Sumbawanga yakajaa: sabuni za rangi, redio kaseti, makoti ya mitumba yenye manyoya shingoni. Namshukuru Mungu kwa yote. Lakini wakati kila kitu kinapata ruhusa ya kuingia, nyumbani kwangu kiumbe mmoja alinyang'anywa ya kwake. Ndiye mbwa wetu, Tusubiri.

Zamani Tusubiri alilala popote. Nyumba ilikuwa na vigoda na mkeka, angeharibu nini? Basi mke wangu, mama Yustina, akauza ulezi wake akanunua makochi, akayadarizia vitambaa vyeupe vyenye maua. Kuanzia siku hiyo mbwa akawa mchafu. Alikatazwa sebule, halafu jiko, halafu baraza, mwisho akafungwa kamba nyuma ya jiko, katika baridi ya mwezi wa sita ambayo huku kwetu juu humfanya mtu akose usingizi hata akiwa na mablanketi. Na bado manyoya yalionekana kwenye kochi! Hasa niliporudi kutoka vigangoni, makanisa madogo ya mbali nilikokwenda kufundisha.

"Baba Yustina," akaniambia Jumapili moja tukitoka misani, "huyu mbwa hasikii. Kesho kaka yangu anakuja na baiskeli kumchukua. Atakwenda Pito kulinda zizi."

Ningesema nini? Mbwa yule alitembea nami vigango vyote, kwa mvua na kwa jua. Nilipoanguka kwa homa njiani, alinilalia kifuani akinipa joto mpaka wapita njia wakanikuta. Na shemeji yangu namfahamu: mbwa wake hufungwa mnyororo angali mdogo, hufunguliwa akishakufa. Lakini amani ya ndoa nayo ni agizo la Mungu. Nikasali Bwana aamue mwenyewe, maana mimi nilishindwa.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa limetoka kuzama, tukasikia hodi. Si hodi ya kugonga, ilikuwa kama mtu anaukwaruza mlango. Na Tusubiri, ambaye humbwekea hata paroko, hakubweka.

Nikafungua. Alisimama mzee mwembamba, ndevu nyeupe zimemzunguka mdomo, koti kubwa la mtumba lenye manyoya shingoni, kofia imevutwa hadi machoni.

"Shikamoo, baba," akasema.

Niliona haya. "Mzee wangu, mimi ndiye wa kukuamkia wewe!"

"Mwenye nyumba ni wewe," akajibu.

Sasa, sisi Wafipa tukimheshimu mtu tunainama na kupiga makofi taratibu. Nikainama, nikapiga yangu. Naye akainama, akapiga yake. Hayakulia. Niamini, niliviona viganja vikikutana, lakini ilikuwa kama mto wa pamba unaopigwa kwa mto mwingine. Mtu mwenye akili angefunga mlango. Mimi, kwa mazoea ya kwetu, nikasema lile tunalomwambia kila mgeni: "Karibu ndani, mzee. Hapa ni kwako."

"Asante," akasema. "Hilo ndilo nililotaka kulisikia."

Akapita moja kwa moja hadi kwenye kochi jipya. Akalinusa. Akapanda na miguu yake yote, akajizungusha, akajizungusha tena, ndipo akajikunja juu ya kitambaa cha maua. Mama Yustina akafungua mdomo. Lakini mgeni ni mgeni. Akaufunga, akaenda kupakua ugali wa ulezi na nyama ya mbuzi.

Mzee alikula vizuri sana. Nyama ilikwisha, na mifupa nayo hatukuiona tena. Nikachukua chupa ya maji ya baraka, nikapita nyuma yake kana kwamba nafunga dirisha, nikamnyunyizia mgongoni. Unajua alifanya nini? Alijikung'uta, kuanzia kichwani hadi nyuma, maji yote yakaturudia mimi na mke wangu.

"Amina," akasema. Kofia ikaanguka. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo.

Nilimtazama mke wangu, naye akanitazama. Milanzi nzima kulikuwa na sikio moja tu lenye pengo lile, na wakati huo lilitakiwa kuwa nyuma ya jiko, kwenye kamba.

"Nimekuja kwa shauri la mbwa," mzee akasema. "Nasikia anahamishwa."

"Anaacha manyoya," mke wangu akajibu kwa sauti ndogo. Nampenda mama huyu. Hata mbele ya jambo lile hakukubali kushindwa kesi. "Na mbwa ni wa nje. Tangu enzi za mababu."

"Mababu walikuwa na makochi?"

Nikaona niingilie kwa hekima ya kanisa. Nikamkumbusha habari ya mbwa na makombo chini ya meza, kwamba kila kiumbe aridhike na fungu lake.

"Nimekusikia ukiifundisha mara nyingi, baba," akasema kwa upole. "Makombo yako chini ya meza. Meza iko ndani. Sasa huyo mbwa aliyafikiaje, kama amefungwa nyuma ya jiko?"

Miaka yote niliyofundisha Injili ile, hakuna mtoto wala padri aliyewahi kuniuliza swali hilo. Hadi leo natafuta jibu.

"Lakini manyoya," mke wangu akasema.

Mzee akamgeukia. "Mama, baba anapolala vigangoni, na upepo ukianza kupiga bati, nani huitwa kutoka nje? Nani huambiwa, 'Panda hapa, Tusubiri, usishuke mpaka kuche'?"

Mama Yustina akavuta khanga hadi usoni.

"Kumbe!" nikasema mimi.

"Nawe baba usicheke. Kwenye rozari unasinzia tendo la pili. Mbwa anakusikia kutoka nje, anakohoa makusudi akuamshe."

"Kumbe!" akasema mama Yustina, na khanga ikashuka.

Basi tukakaa kama wazee wa baraza tukapatana. Mzee hakuwa mchoyo. Kochi alituachia, alisema linateleza na lina harufu ya dukani. Chumba cha kulala hakukitaka. Aliomba mkeka karibu na moto wa jikoni, na nafasi mlangoni pa sebule wakati wa sala. Kisha akasema, "Na anayeitwa ndani usiku, asiitwe mchafu asubuhi."

"Miguu ifutwe," mke wangu akasema.

"Ifutwe. Kwa maji ya moto."

Akashuka, akainama, akapiga makofi yake yasiyolia, akatoka. Hakuelekea barabarani. Alizunguka nyumba.

Nilichukua chemli nikamfuata, mama Yustina nyuma yangu ameshika shati langu. Tulimkuta Tusubiri peke yake, amelala mahali pake. Kamba ilikuwa chini, haijatafunwa. Fundo lilikuwa limefunguliwa vizuri, kama kwa vidole. Chini yake limetandikwa koti la mtumba lenye manyoya shingoni. Alitufungulia jicho moja, akalifumba, kama mtu ambaye yake ameshayasema.

Asubuhi shemeji akafika na baiskeli.

"Rudi salama, kaka," mke wangu akamwambia. "Huyu ni wa ndani."

"Mbwa wa ndani? Dada, umerogwa?"

"Nimeshauriwa," akajibu, akaendelea kuchemsha maji ya kufutia miguu.

Tusubiri alikufa kwa uzee, mkekani, karibu na moto. Koti lile bado tunalo, na vizazi vyake vyote vimelala juu yake. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kufundishwa kuliacha kochi. Nikisinzia tendo la pili, kuna anayekohoa mlangoni. Na mama Yustina akitaka kunisema kwa jirani, hutazama kwanza mbwa yuko wapi.

Nawe uliyemfunga wako nje na kumwingiza kwa siri unapoogopa, jiangalie. Anayajua yote ya nyumba yako. Siku mlango wako ukikwaruzwa jioni ya baridi, na mgeni akainama kukusalimia, usiharakishe kumwambia hapa ni kwako. Sikiliza makofi kwanza. Yasipolia, injika maji ya moto ukae chini, maana una kesi ya kujibu.