Nilivyompa mama ntilie wa Ifakara rambirambi, ofisi nzima ikaja kuomboleza

Wakuu, shikamooni mliotangulia. Wadogo zangu, mambo.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu, nacheka mikasa ya wenzangu halafu nalala. Leo naleta wa kwangu. Ni kweli tupu. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wapo, simu wanazo, na mmoja wao ndiye anayenisainia likizo.

Twende.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nilipata kazi kwenye kampuni moja ndogo ya pembejeo, nikapangiwa Ifakara. Kazi yenyewe ni kuzunguka na pikipiki, leo Mkula, kesho Kisawasawa, kuwaeleza wakulima habari za mbegu na mbolea. Siku nyingine unabaki ofisini unapigwa na joto.

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Hapo naomba mtie alama, maana ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia.

Bosi wetu ni mama mmoja, tumwite Madam Editha. Mkatoliki wa Mahenge, mnyoofu kama rula. Anasamehe karibu kila kitu isipokuwa uongo wa msiba. Yule ambaye mimi nilichukua nafasi yake alitimuliwa baada ya kumzika bibi yake mara mbili. Bibi yuleyule!

Sasa tatizo langu lilikuwa msosi.

Mgeni mjini unakula pale unapoona bango. Nami niliona bango, barabara kuu, lina picha ya kuku amenona utadhani anagombea ubunge. Ndani sahani yenyewe inakuja na wali umekaa katikati peke yake kama yatima, na kipande cha nyama ambacho ukikitafuna unasikia taya linaomba uhamisho. Bei sasa! Nisiseme. Katikati ya mwezi nilikuwa nashindia mihogo ya kuchoma na maji.

Bonde lote hili linalima mpunga, halafu mimi nakonda. Aibu hiyo nilikuwa naibeba kila siku.

Siku ya siku, muda wa lanchi, nikaamua kupita mitaa ya nyuma nitafute hata duka la ndizi. Nikakatiza nyuma ya mafundi baiskeli, nikatokea kwenye uwanja wa nyumba moja ya tofali za kuchoma.

Nikasimama.

Turubai la bluu limefungwa. Baiskeli nyingi zimeegeshwa. Watu wamekaa kwenye mabenchi na mikeka, vichwa chini, hakuna anayeongea. Kando ya mafiga yupo mama mtu mzima, khanga kiunoni, macho mekundu, anajifuta kwa kiganja. Huku anaimba wimbo wa kanisani, taratibu, ule wa kuaga.

Wakuu, wewe ungedhani nini?

Kwetu huwezi kupita msiba kama unapita kituo cha mafuta. Nikavua kofia, nikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Poleni sana."

"Asante baba, ndiyo maisha. Kuni mbichi hizi zitaniua. Nawa mikono, ukae."

Hilo la kuni nililisikia, lakini nikajua ni uchungu unamchanganya.

Nikaletewa wali. Wakuu, wali! Ule wa Kilombero wenyewe, unanukia hadi unakumbuka dhambi zako. Juu yake mchuzi mzito wa jogoo wa kienyeji, pembeni mchicha wa nazi. Nikala nimeinamisha kichwa kama wenzangu, kwa heshima ya marehemu. Moyoni nikawa nasema hawa watu, pamoja na majonzi yote, wanapika.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mzee mmoja fundi baiskeli, wanamwita Mzee Spoku. Nikaona si vizuri kula msiba wa mtu nisiyemjua hata jina. Nikamuuliza kwa sauti ya chini:

"Mzee wangu, ilitokea lini?"

Akaniangalia. Akaangalia sahani yangu, kofia yangu niliyoipakata, na uso wangu wa huzuni. Nikaona kitu kimepita machoni mwake, sikukielewa.

"Leo asubuhi," akasema.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Mzima kabisa. Alfajiri tumesikia sauti yake."

"Kumbe ghafla."

"Ghafla mno. Hata yeye hakutegemea."

Nikatikisa kichwa. Nikauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani.

"Kuamsha watu."

"Mlinzi?"

"Eeh, tuseme mlinzi. Mtaa mzima alikuwa anauamsha, na hajawahi kudai mshahara."

"Ameacha familia?"

Mzee akashusha pumzi. "Wajane, mwanangu. Wajane wengi. Watoto ndiyo usiseme, wamejaa uwanja mzima."

Dada mmoja mbele yetu akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanamtikisika. Nikamhurumia sana. Nami chozi likanilengalenga, nisiwafiche.

"Na mazishi ni lini?"

"Yanaendelea," akanijibu Mzee Spoku huku anatafuna.

Nilipomaliza niliona watu wanaweka hela kwenye beseni lililofunikwa kitambaa karibu na yule mama. Rambirambi hizo. Nikatoa noti yangu ya mwisho mwisho, nikaiweka kwa mikono miwili. Nimepiga hatua, yule mama ananiita:

"Baba, chenji yako!"

Nikashangaa. Rambirambi ina chenji? Nikamwambia, "Hapana mama, imetoka moyoni." Nikaondoka haraka nisije nikalia mbele za watu. Nyuma yangu nikasikia vilio vimepanda. Nikajua jeneza limetolewa.

Basi nimefika ofisini nimechelewa, kikao kimeanza, mdomo unang'aa mafuta.

"Ulikuwa wapi?" Madam Editha.

"Msibani, Madam. Hapa nyuma."

Madam akaweka kalamu chini. "Msiba wa nani?"

Nikaeleza nilivyoelezwa. Mzee mlinzi, amefariki ghafla, alfajiri sauti yake ilisikika. Hakuwahi kudai mshahara. Nilipofika kwenye watoto waliojaa uwanja mzima, Madam akavua miwani.

Kwenye kona alikaa Beno, mwenzangu, mzaliwa wa hapahapa Ifakara. Akaniuliza, "Uwanja ule nyuma ya mafundi baiskeli?"

"Huohuo."

"Aah. Namfahamu huyo mzee. Nimemla... nimemlilia sana."

Akainamia chini ya meza kutafuta kalamu. Alikaa huko muda mrefu kweli.

Madam akatoa amri. Kesho lanchi, ofisi nzima tunakwenda kuhani. Kila mtu achange chochote cha kupika. Vikapatikana mchele, sukari na dumu la mafuta. Nikajisikia mtu muhimu. Nikasema kimoyomoyo, hapa majaribio nimeshafaulu.

Kesho yake tukaenda kwa mstari. Madam mbele, khanga mbili, dumu mkononi. Mimi namwonesha njia. Beno yuko nyuma kabisa, anakohoa.

Turubai lipo. Watu wapo. Mama yupo, macho mekundu vilevile.

"Tumsifu Yesu Kristo," Madam akaingia nayo.

"Milele, amina," uwanja mzima.

Madam akamwendea yule mama moja kwa moja, akamkumbatia, mwiko ukiwa katikati yao. "Pole mama. Pole sana. Mungu ana makusudi yake." Yule mama, ambaye jina lake nilikuja kulijua baadaye ni Mama Dafrosa, akabaki anaangalia juu ya bega la Madam kama mtu aliyevamiwa na ndugu wa mbali. Lakini mtu akikukumbatia kwa pole utafanyaje? Akapokea.

"Tusimame tuombe," Madam akasema.

Wakasimama. Wengine na kijiko mkononi, mmoja na mwiba wa samaki kwenye meno. Madam akaomba ile sala ndefu. Akamwombea mlinzi wetu mpendwa, akawaombea wajane wake wote kwa ujumla wao, akawaombea watoto waliotapakaa wapate wa kuwalisha. Mzee Spoku alikuwa ameshika nguzo ya turubai kwa mikono miwili, turubai lote linatetemeka.

Hapo ndipo akaingia bodaboda, injini bado inaunguruma.

"Mama Dafrosa! Samaki wamebaki? Nifungie, na pilipili usisahau!"

"Wamebaki," akajibu Mama Dafrosa, "subiri wageni wamalize kusali."

Madam akafungua jicho moja.

Halafu la pili.

"Mama, mnafanya biashara msibani?"

"Msiba gani tena mwanangu?"

Wakuu, nilisikia hadi mchuzi unavyochemka. Madam aligeuka polepole, akanitazama kwa macho ambayo bila shaka ndiyo aliyomtazama nayo mwenye bibi wa kufa mara mbili. Nikaanza kuona stendi, begi langu, na basi la Dodoma.

"Marehemu ni nani?" akauliza. Sauti ndogo kabisa.

Nikamgeukia Mzee Spoku. Kwa kweli hata mimi nilikuwa nasubiri jibu.

Mzee Spoku akaachia nguzo. Akavua kofia, akasogea mbele.

"Madam, kijana hana kosa. Alikuja akatupa pole, akaniuliza habari za aliyekufa. Mimi nikamjibu kwa ukweli. Marehemu alikuwa jogoo."

Kuna watu walikaa chini kwa kucheka. Kuna waliolala kabisa. Beno aliegemea mti wa mpapai anajipiga makofi magotini. Kumbe jana yake naye alikuwa amefungiwa mchuzi wa jogoo huyohuyo, akaupeleka kwake kabla mimi sijafika.

Mama Dafrosa peke yake hakucheka. Alimgeukia Mzee Spoku na mwiko.

"Wewe mzee mzima! Unamchezea mtoto wa watu, kazi yake ikipotea utamlisha wewe?"

Mzee akanywea. Ndipo yule mama akamshika Madam mkono, akamkalisha kwenye benchi.

"Kaa kwanza, mama. Hasira na njaa usivibebe pamoja."

Akamwekea sahani. Wali, na samaki mbufu wa kukaanga aliyeungwa kwa nazi. Ofisi nzima tumesimama na mchele wetu wa rambirambi, tunamwangalia bosi anavyokula. Tonge la kwanza. La pili. La tatu akavua khanga ya juu, akaikunja, akaiweka pembeni.

Alipofika katikati ya sahani akainua kichwa.

"Mama, huyo marehemu... hakubakia hata paja?"

"Aliisha jana ileile," Mama Dafrosa akasema, kwa masikitiko ya kweli.

Madam hakucheka pale. Lakini njiani kurudi aliniita nitembee naye. Akasema, "Ungekuwa umenidanganya, leo ungelala kwenye basi. Ila nimewauliza, wameniambia ulilia. Mtu anayemlilia jogoo asiyemjua, hawezi kuniibia mbolea." Nikathibitishwa kazini.

Mchele ule haukurudi ofisini. Mama Dafrosa alisema kilichoingia jikoni hakitoki kikiwa kibichi. Akaupika, akatuita wote, tukala bure. Mimi akanirudishia na chenji yangu.

Tangu hapo Ifakara ikanifungukia. Mzee Spoku, nadhani kwa dhamira kumsuta, alijipa kazi ya kunizungusha. Akanipeleka kwa mama anayeuza maharage ya kuchemsha kwenye baraza yake, unakuja na kibakuli chako. Akanionesha duka ambalo kwa nje ni dirisha tu la chumba cha mtu, sabuni na sukari bei ya chini, ila lazima usalimie vizuri. Usiposalimia, "sukari imeisha", na unaiona hapo. Mchele akanipeleka kununua mashineni kwenyewe. Mashati ya mtumba nayo anajua belo linafunguliwa siku gani na nani wa kumwambia akuwekee.

Vyote hivyo havina bango hata kimoja. Na vyote nilikuwa navipita kila siku na njaa yangu.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni asiogope kuonekana mgeni. Ingia, salimia, kaa, watu watakucheka kidogo, halafu watakulisha. Aliyekaa chumbani kulinda heshima yake anakula mihogo na maji. Na la pili, ukiambiwa marehemu alikuwa anaamsha mtaa mzima, uliza alikuwa na miguu mingapi.

Sasa nanyi mlioko Mlimba, Chita, Mang'ula, na hata huko mijini kwenu, shusheni hapa chini machimbo yenu ya msosi na vijiduka vya uchochoroni. Msiwe wachoyo. Wa kunicheka nao wacheke, nafasi ipo.

Ah, nimesahau. Mwezi uliopita makao makuu walinipigia, nafasi imepatikana Morogoro mjini, mshahara umenona kidogo. Nikawaambia wampe mwenzangu. Wakauliza sababu, nikawajibu majukumu ya kifamilia.

Alhamisi Mama Dafrosa anapika samaki kitoga.