Kaka Yangu na Roli ya Plasta

Kwa miaka mingi nilikunywa juisi ya parachichi huko Doha, na juisi ya parachichi siipendi. Ni nzito, inashuka kooni kama uji uliopoa. Jioni za Alhamisi baba alikuwa akiegesha gari mbele ya kibanda cha chai karibu na kwetu Muaither, anapiga honi, mhudumu anakuja dirishani kuuliza tunataka nini. Baba na mama walitaka chai ya maziwa, hao hawakuwa na shida. Ikifika zamu yangu nilifungua mdomo niseme maembe, nikakwama kwenye ile herufi ya kwanza, na kaka yangu, ambaye siku zote alinyakua kiti cha dirishani, akapaza sauti: "Parachichi, mbili!" Mhudumu huyo, keshaenda. Sasa ningefanya nini? Nimkimbilie mtu wa watu barabarani na neno langu likiwa bado mdomoni?

Nina kigugumizi tangu nianze kuongea. Chenyewe hakikunisumbua sana kama walivyonisumbua watu waliotaka kunisaidia nacho. Mwalimu wetu wa darasa aliniambia nisiwe na haraka, huku jicho lake liko kwenye saa ya ukutani. Akina mama wa kanisani walinitazama midomo na kutamka pamoja nami, kama watu wanaomlisha mtoto. Lakini hao wote walikuwa wageni kazini. Bingwa alikuwa kaka yangu.

Alinitangulia darasa moja tu, kwa hiyo tulipanda basi moja na kusoma shule moja, na hapakuwa na pa kumkimbia. Dereva wetu, Mganda mpole aliyependa kusalimia kila mtoto kivyake, aliniuliza kila asubuhi nimelalaje. "Amelala poa!" kaka alijibu. Alijuaje? Alikuwa mcheshi, mrefu, anapendwa na kila mtu kuanzia mlinzi wa getini hadi mwalimu mkuu, na watu wa namna hiyo ndio wagumu kuwakasirikia, kwa maana hakuna anayekuunga mkono. Mama peke yake ndiye aliyejaribu. Alikuwa nesi, na akirudi kutoka zamu alivua viatu pale mlangoni akisema, "Mwache mwenzako amalize."

"Mathe, si namsaidia tu," kaka alijibu. Akaendelea kunisaidia.

Shuleni kwetu wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa na mila yao. Siku ya kuaga, kila mmoja alipanda jukwaani akampa mwanafunzi wa darasa la chini zawadi ya kuchekesha. Sharti lilikuwa kwamba isinunuliwe, itoke nyumbani au kwenye begi lako mwenyewe. Anayepewa naye alitakiwa kusimama papo hapo aseme ataitumia kwa kazi gani. Akichelewa kujibu, ukumbi mzima unaanza kupiga sakafu kwa miguu, polepole kwanza, kisha kwa kasi, mpaka aseme. Wengine waliona hiyo ndiyo raha yenyewe. Mimi nilianza kuhesabu siku wiki nzima kabla.

Niliona kuna mawili. Ama nitakwama mbele ya shule nzima, ama kaka yangu atanijibia mbele ya shule nzima. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Yeye alikuwa anaondoka kwenda chuo Nairobi, na mimi nilibaki na mwaka mzima pale, nikijulikana kama yule msichana wa kusemewa, na wa kunisemea hayupo.

Asubuhi ya siku yenyewe, tukinywa chai, akaniambia, "Siz, zawadi yangu nakupea wewe."

Nikamwambia, kwa shida, kwamba akithubutu sitaongea naye tena.

"Hutaongea na mimi? Sasa hiyo nitajuaje?"

Mama alimtupia kitambaa cha mezani. Hata yeye alikuwa anauma midomo asicheke, na hilo lilinichoma zaidi.

Ukumbi wa shule ulikuwa baridi kama friji ya nyama. Nje jua la Mei linachoma, ndani tunatetemeka, na hakuna aliyejua rimoti ya kiyoyozi iko wapi mpaka siku hiyo, mvulana mmoja wa mwaka wa mwisho alipoitoa mfukoni na kuikabidhi kwa mdogo wake wa darasa la chini kama urithi. Mwalimu mkuu aliinyakua kabla ya makofi kuisha. Golikipa wetu, Msudani, alimpa mrithi wake glavu moja, kwa kuwa nyingine aliitupa kwa hasira siku tuliyofungwa kule Al Wakrah. Msichana mmoja alitoa sweta lililotoboka viwiko, ambalo naye alirithi kwa aliyemtangulia, na ambalo kwa harufu yake lilikuwa bado linasubiri kufuliwa. Watu walicheka mpaka wakakaa vibaya. Mimi sikucheka hata kimoja.

Ndipo akapanda yeye. Ukumbi ulishangilia kabla hajafanya lolote. Akanionyesha kidole nipande, nikapanda. Akaingiza mkono mfukoni akatoa roli ya plasta nyeupe, ile ya mama ya kubandikia bandeji. Akakata kipande kirefu kwa meno. Nikadhani anakuja kunibandika mimi, na naapa ningempiga kofi mbele ya mwalimu mkuu. Akajibandika mwenyewe, mdomo wote, kutoka shavu hadi shavu. Kisha akanipa roli iliyobaki, akafunga mikono kifuani, akanitazama.

Wakacheka, bila shaka. Nilitaka kumuuliza kama amepata wazimu, kunianika hivyo, kwa kitu ambacho sikuwahi kumruhusu akifanyie mzaha. Ningeweza kusema asante tu nikashuka. Ila nilikuwa na hasira, na hasira ikanipa sentensi ndefu kuliko nilivyoweza. Nilitaka kusema kwamba nitaitunza plasta hii mpaka siku ya harusi yake, nimbandike, asije akamjibia bibi harusi.

Nilikwama neno la kwanza. Nikakwama la tatu. Miguu ikaanza kupiga sakafu, polepole, kisha kwa kasi. Nilimtazama kaka nikingoja aibandue ile plasta na kumaliza kazi, kama kawaida yake. Niliona mashavu yakimcheza chini ya plasta, maneno yangu yamemjaa mdomoni, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mkono mmoja ulitoka kifuani, ukaenda hadi kidevuni, ukarudi. Hakuwatazama waliopiga miguu. Alinitazama mimi tu. Miguu ikapungua, ikaisha, na ndani ya kimya kile nikaendelea kulivuta neno moja baada ya jingine mpaka kwenye "bibi harusi", ambalo lilinisumbua kuliko yote. Lilipotoka, ukumbi ulilipuka. Yeye akabandua plasta kwa mkupuo mmoja, ikaondoka na kijisharubu alichokuwa akikilea tangu mwaka mpya, akapiga yowe ambalo watu walilikumbuka kuliko sentensi yangu. Hata hapo alinipora.

Nilimnunia hadi nyumbani. Kwenye basi dereva aliuliza siku imekuwaje. Kaka akatazama nje ya dirisha, nami nikajibu.

Aliondoka mwezi wa nane. Alhamisi ya kwanza bila yeye, kile kiti cha dirishani kikawa changu. Mhudumu alikuja, akaniona, na kabla sijafumbua mdomo akasema, "Parachichi?" Nikamzuia kwa mkono. Nikasema maembe. Ilichukua muda, gari la nyuma likapiga honi, baba akajifanya haisikii.

Usiku huo kaka alipiga simu, na mama akanipa. Akaniuliza kama tulienda kibandani na nimekunywa nini. Nikaanza. Mama alidhani laini imekatika, akanyoosha mkono achukue simu, nikageuka nikampa mgongo. Nilisikia redio ya mtu huko Nairobi, na pumzi za kaka yangu. Zamani angeshanijibia. Hakusema haloo, hakusema unanisikia. Alingoja.

"Maembe," nikamaliza.

"Maembe? Kumbe parachichi ulikuwa huipendi?" Alisikika ameshtuka kweli. "Ai, siz. Si ungesema."

"Nilikuwa nasema," nikamjibu, na hilo nalo lilichelewa kutoka, naye akalisubiri.