Nilimsingizia mama wa mapokezi kwamba alituficha ujuzi, simu yangu ikanisuta

Habari za uzima wakuu.

Hili nimekaa nalo muda, na mke wangu tu ndiye anayelijua lote. Nimebadilisha jina la mama wa watu. Mengine yote nayaandika yalivyokuwa, hata yale yanayonivua nguo.

Nipo Makambako, kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha parachichi za kwenda nje. Nilikuwa supervisor. Nina degree yangu ya biashara, na kipindi hicho nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili ya knowledge management.

Wakuu, nilirudi na kichwa kimejaa! Kila kikao mimi na "tacit knowledge", yaani ule ujuzi uliomo kichwani mwa mtu ambao haujaandikwa, mpaka wenzangu wakanikoma.

Sasa pale mapokezi kulikuwa na mama mmoja, nimwite Mama Tumaini, mwenyeji wa Mjimwema pale Njombe. Aliishia darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kupokea matunda ya wakulima na kuamua yanapita au hayapiti.

Anachukua tunda, analipasua, anatazama kokwa, anauliza shamba liko upande gani. Basi.

"Haya bado, baba. Yaliyobaki mtini yaache wiki tatu."

Na mkulima anaondoka bila ugomvi. Mimi ningesema hivyo hivyo tungeshikana mashati.

Mama akawa anakaribia kustaafu. Bosi akaniita, akasema hakikisha anachokijua huyu mama kinabaki hapa.

Nikatengeneza template. Eneo, mwezi wa kuvuna, ukubwa, rangi. Nikakaa naye mara tatu, simu mezani inarekodi, mimi najaza visanduku. Zile rekodi sikuwahi kuzisikiliza. Nilishajaza visanduku, nisikilize nini tena?

Tukamuaga kwa keki na kitenge. Wiki iliyofuata nikawasilisha "Mwongozo wa Mapokezi", jina langu juu, la kwake halipo hata mwishoni. Bosi akanipongeza mbele ya watu, na mimi nikapokea.

Msimu ulipofika tukaweka watu wawili wapya mapokezi, mwongozo ukutani. Mwezi ulioandikwa ukifika, matunda yanapita.

Mzigo ukaenda. Baada ya muda mnunuzi akatuma picha.

Matunda hayakuiva. Yalisinyaa, ngozi imekunjamana, ndani kama mpira. Yalivunwa machanga, na yote yalitoka mashamba ya kule juu milimani.

Bosi akasimamisha kupokea mzigo wa wakulima wote wa kule juu kwenye baridi, akiamini wametuchezea. Kisha akaitisha kikao, akaniuliza mbele ya wote, "Mama Tumaini hakukwambia kitu kuhusu haya matunda ya juu?"

Wakuu, nilikuwa na sekunde mbili za kusema "sijui, ngoja niangalie".

Nikasema, "Hakuniambia, bosi. Wazee wa kazi ni wachoyo, huwa wanaondoka na siri zao."

Watu wakatikisa vichwa. Likaishia hapo, mwenye jina hayupo kujitetea.

Kesho yake bosi akaomba zile rekodi, labda kuna kilichosalia. Nikajifungia ofisini nizisikilize kwanza mimi.

Dakika chache tu, sauti ya Mama Tumaini hii hapa:

"Mwanangu, mwezi usikudanganye. La upande wa chini, kule njia ya Ludewa, linaweza kuwa tayari na la huku juu bado linakua. Baridi inalichelewesha. Wewe lipasue. Ile ngozi ya kokwa ikiwa nene na nyeupe, bado. Ikiwa ya kahawia, nyembamba kama karatasi, chukua. Halafu muulize mkulima mti ulichanua li..."

Na sauti yangu inamkata:

"Sawa mama, hizo hadithi tutazirudia. Nipe mwezi tu, hapa kuna kisanduku cha mwezi."

Mama akajibu:

"Basi andika wa nne."

Nikasikiliza zote tatu. Siku ya kwanza mama anaeleza na mimi namkata. Siku ya pili anaeleza kidogo. Siku ya tatu anajibu neno moja moja kama mtu aliye polisi. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Nisiwafiche, niligusa pale pa kufuta. Simu ikauliza kama nina uhakika. Nikainua macho, nikaona dirishani mkulima mmoja wa kule juu amesimama getini na kreti zake, mlinzi anamwambia hatupokei. Alikuwa anauliza kosa lake ni nini.

Sikufuta.

Jumapili nikaenda Njombe. Nilimkuta Mama Tumaini ameshatoka kanisani, anachambua maharage kibarazani.

"Kamwene, mama," nikamsalimia kwa Kibena.

Akaitikia, akanipa kigoda, akaniletea chai na viazi. Na mimi, bila haya, nikaanza kwa kumwomba arudi atusaidie.

Akaendelea kuchambua. "Umekuja kuniomba kazi au kuniomba radhi?"

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Nilikusingizia, mama."

"Najua. Anayewapikia kantini ni mdogo wangu. Miaka yote niliyokaa pale, yupo mtu niliyemnyima neno?"

"Hakuna, mama."

"Basi usiniambie mimi, mimi najua. Kawaambie uliowaambia."

Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi nikaweka simu mezani, nikabonyeza. Rekodi ilipofika pale pa "hizo hadithi tutazirudia", dada mmoja wa kufungasha akacheka, halafu akajiziba mdomo. Yule mpishi alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka.

Nikasema, "Alisema kila kitu. Mimi ndiye ambaye sikumsikiliza, na kisha nikadanganya."

Bosi alinivua usupervisor, akanipeleka stoo. Ni haki. Wakulima wa juu wakaitwa tena na kuombwa radhi.

Mama Tumaini alikubali kuja, kwa masharti yake: hakai ofisini. Anawachukua watu wa mapokezi mpaka mashambani, wanapasua matunda, wanabishana, wanauliza. Kuandika ni mwisho, na wanaandika wao.

Mimi hunisalimia vizuri tu. Lakini akiwa anawaeleza wenzangu, nikisogea, anaimaliza sentensi haraka na kugeukia jambo lingine. Nimeshaomba radhi mara mbili. Sijui ya tatu itafaa nini.

Nilichojifunza: mtu hakupi ujuzi wake kwa sababu una fomu, anakupa kwa sababu unamsikiliza. Na kile unachokiita hadithi ndicho ujuzi wenyewe, usikikate. Halafu jina lake liandike.

Wale wenye ofisi mtanikosoa, karibuni. Ila ningependa zaidi kumsikia aliyewahi kufanyiwa kama nilivyomfanyia huyu mama. Ulisamehe? Na yule mtu alifanya nini mpaka ukaweza kuongea mbele yake tena?