Karibu, Kocha

Mwanangu, kaa nikupe habari ya Jumapili moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka, halafu roho inaniuma.

Enzi hizo mie kijana hapa hapa Mtoni, narusha mpira wa besiboli. Usicheke! Timu tulikuwa nayo, na kocha wetu Mrusi, Kocha Igo. Kwao alikuwa mdakaji wa timu ya taifa, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka anachorusha mrushaji. Alichuchumaa nchi za watu miaka na miaka, magoti yakaisha, vidole vikapinda kama tangawizi.

Alikuwa jirani yetu, na tabu yake moja: ukiwa unakula ukamwambia karibu, anakaa kweli, na ubwabwa anaumaliza. Mama akamweka chini. "Baba, si kila karibu ni ya kukaa. Mtu akikukaribisha chakula chake, sema starehe." Kocha akalishika neno lile kuliko sisi wenyewe.

Basi siku hiyo tunacheza na Kinondoni, mshindi anasafiri kwenda kucheza nje. Nje, mwanangu! Mie hata Unguja sijafika. Mdakaji wetu kashikwa na malaria, Kocha akaingia mwenyewe. Tunaongoza, kabaki mtu mmoja tu wa kumtoa. Nikarusha, jamaa akaupiga vibaya, mpira ukapaa juu, ukawa unashuka kati yangu na Kocha. Ukidakwa kabla haujagusa chini, tumeshinda.

Nikamtazama. Mtu mzima, mgeni, tena kocha, nimtangulie? Nikasema kwa adabu zangu zote, "Karibu, Kocha!"

Naye, mkono kifuani: "Ahsante, starehe!"

Puu! Mpira chini. Wakimbiaji wao wawili waliokuwa njiani wakafika mwisho, wakapata alama mbili, tukafungwa. Uwanja mzima watu wanashika mbavu, mie nalia mpaka kamasi.

Kocha akanijia kavimba. "Kijana, mdomo huna? Mbona hukusema 'wangu', mwenzako ajue mpira unaudaka wewe?" Kisha akaketi mchangani, sauti ikamshuka. "Na mie sikusema. Kule kwetu nilikuwa mdogo kwenye timu, mpira ukapanda, nikamwachia mkubwa, naye akaniachia mie. Tukarudishwa nyumbani. Nimedaka mingi sana baada ya ule, lakini watu wanaukumbuka ule tu. Sasa nimevuka dunia nzima nije kuudondosha tena Mtoni!" Akacheka mwenyewe, na kuinuka akashindwa, ikabidi tumbebe.

Miaka ikapita, mama akaanguka ghafla. Kaka mkubwa yuko Kipawa, wa pili Manzese. Napiga simu: wa pili anasema tumsubiri kaka mkubwa, kaka mkubwa anasema ngoja tushauriane. Mie kitinda mimba, wa kuamua nani? Mama anahema kwa shida. Nikapiga ukelele, "Wangu!" nikambeba mpaka kwenye bajaji. Daktari akasema tungechelewa kidogo tungemkosa. Kaka alininunia wee, lakini mama alipona, akaanza tena kutugombeza wote.

Basi mwanangu, karibu na starehe ziwe za kwenye chakula. Ila ukiona jambo linadondoka na watu wanatazamana, usiulize nani mkubwa hapa. Sema wangu, kwa sauti, unyooshe mikono. Wa kununa atanuna, itamwisha. Mungu akupe mikono myepesi na mdomo usioona haya, na siku utakapoanguka wewe, asikosekane mtu wa kusema, "Huyu wangu."