Fimbo ya Kusikilizia Maji

Harufu ya udongo uliochimbwa na kulowa, ikichanganyika na kutu ya bomba, inanikasirisha mpaka leo. Juzi mafundi walichimba mbele ya nyumba yangu, na kabla sijamwona hata mmoja wao nilikuwa nimeshakunja uso. Kimawazo nilikuwa nimerudi Kisangani, kwenye kiwanja chetu, mwaka ule baba yangu alipoharibu bustani nzima ya mama akitafuta tundu moja.

Papa alikuwa fundi wa maji wa mji. Mabomba yalikuwa ya zamani, ramani zake zilipotea, na bomba likitoboka chini ya ardhi ni yeye peke yake aliyejua kupatafuta. Alichomeka fimbo ya chuma ardhini mpaka iguse bomba, akabandika sikio kwenye ncha ya juu, kisha akasema wachimbe wapi. Alipokaribia kustaafu, mkuu wake alimpa vijana watatu awafundishe kwa mwezi mmoja. Wasipoweza kupata tundu hata moja, mafunzo yangefungwa na mji ungebaki bila msikilizaji.

Bomba lililotoboka lilikuwa la kwetu. Bomba la uani lilianza kutoa matone tu badala ya maji, mama akalalamika, na Papa, niaminini, akafurahi.

"Bon," alisema, "masomo imekuja yenyewe ku nyumba."

Maji husikilizwa alfajiri, kabla malori na michi havijaanza kelele. Lakini alfajiri wale vijana walikuwa kazini kwao wakizunguka bendera, wakiimba na kukata viuno kwa ajili ya Chama tawala, kama kila mfanyakazi alivyolazimishwa enzi zile. Walifika kwetu jua limepanda, wamelowa jasho, sauti zimekauka, wakabandika masikio kwenye fimbo wakasikia malori. Kila siku ya Mungu. Basi kazi ya alfajiri ikaniangukia mimi, mtoto wa miaka kumi.

Papa alipanga vijiti tisa kufuata njia ya bomba, kuanzia jikoni mpaka barabarani. Kwenye kila kijiti alichomeka fimbo na kuniita.

"Zena, weka sikio. Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, Papa."

Alinitazama mdomo, akang'oa kijiti, tukasogea kwenye kingine, naye akauliza vilevile, kwa upole uleule uliokuwa ukinichosha. Niseme ukweli: sikio langu sikulibandika. Fimbo ilikuwa ya baridi, ina matope, ingenichafulia blauzi ya shule, na nilitakiwa kukimbilia chemchemi na ndoo kabla foleni haijawa ndefu. Halafu nilijua kwamba jibu analo mwenyewe. Mwalimu wangu naye alikuwa hivyohivyo, anakuuliza jambo analolijua ili akuchoshe tu.

Vijana walipofika walichimba popote Papa alipobahatisha. Lenga-lenga, mchicha wa mama, zikaondoka, matembele yakafuata, na wiki ya tatu kuku wetu mmoja alitumbukia shimoni, tukamtoa amevunjika mguu. Mama alimsogelea Papa mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akampazia sauti.

"Fundi ya maji ya muji muzima, na nyumba yake njo inakauka!"

Siku hizo alisema naye uso kwa uso, kwa sauti kubwa hivyo, kwa kila jambo, hata akimkaribisha chakula. Nilidhani ni hasira za bustani.

Zikabaki siku tatu. Amisi, aliyekuwa mpole kuliko wenzake, alituma habari kazini kwamba ana malaria, akakwepa kucheza, akaja kwetu alfajiri. Papa alimwanzisha pale jikoni, palipokuwa na kijiti cha kwanza nilichokisemea hakuna. Amisi alibandika sikio, akafumba macho.

"Papa, hapa iko inalia sana. Kama mafuta ku kikaango."

Kisha akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

Wenzake walipofika walichimba kidogo tu, maji yakaruka. Mafunzo hayakufungwa, na miaka mingi baadaye Amisi ndiye aliyekuwa akiita wachimbaji mji mzima. Papa hakunigombeza. Ila tangu siku ile hakuniita tena kwenye fimbo, nami nikashukuru kupata usingizi wangu.

Tulipomaliza matanga ya Papa, mama alinieleza, akichambua matembele. Pampu za maji zilikuwa zimeua sikio lake moja kabla sijazaliwa, na la pili lilimfia mwaka ule wa bustani, akabaki kusoma midomo yetu. Kazini wangejua, wangemfukuza kabla hajamfundisha mtu, kwa hiyo alimwambia mama peke yake.

"Alikuwa anasema, hakuna shida, Zena atanisikilizia," mama alisema.

Papa alikuwa ananiuliza kwa sababu hakujua, na kila kijiti alichong'oa aliking'oa kwa kuniamini mimi.