Sombe ya Mama Joyeuse

Mama Valérie Mukalay alifundisha kemia miaka mingi mjini Kolwezi. Kilichomuuma ni tasnifu za vijana waliopita mikononi mwake: zilikaa chuoni zikila vumbi, na watu zilizowahusu hawakujua hata kwamba zimeandikwa. Alipostaafu aliomba ukumbi wa parokia. Kila Jumamosi mtafiti mmoja kijana husimama pale aeleze kazi yake kwa majirani.

Jumamosi moja ilikuwa zamu ya Blanchard. Alikuwa amepima vumbi kwenye sombe, majani ya muhogo, inayouzwa kando ya barabara ya malori ya madini. Alionyesha majedwali yake, akataja sumu. Kabla hajafika katikati, wauza sombe walisimama, wakatoka.

"Mama, habataki science," alisema Blanchard huku akikunja nyaya za projekta, macho chini.

"Habakuikataa. Baliogopa," alijibu Mama Valérie. "Twende kwa Mama Joyeuse. Yeye ndiye alisimama wa kwanza. Utalomba kiti, utanyamaza, utamusikiliza."

Mama Joyeuse aliwapokea bila tabasamu. "Ulisema sombe yetu iko na sumu. Sasa batoto bangu bakule nini? Na mi niuzishe nini?"

Blanchard alimtazama Mama Valérie, naye akamwashiria kwa kichwa: jibu.

"Mama, ukiifunika vizuri, na muntu akiisafisha na mayi mingi mbele ya kuitwanga, vumbi inapunguka sana. Nilipima hiyo pia."

"Ulisema hiyo wapi?"

"Ilikuwa ku mwisho. Mulikuwa mulishaenda."

Mama Valérie hakumkaripia. Jioni hiyo alikaa naye, wakaigeuza hotuba nzima: kwanza la kufanya, kisha sababu yake, namba chache tu. Alimrudisha nyuma kila alipokimbilia Kifaransa, mpaka kijana mwenyewe akaanza kucheka.

Wiki iliyofuata hawakwenda ukumbini. Blanchard alisimama sokoni, beseni la maji mbele yake, akaosha fungu la sombe watu wakitazama maji yanavyobadilika rangi. Maswali yalimiminika. Wateja wachache walihama, hilo halikukwepeka, lakini Mama Joyeuse alinunua turubai, akaanza kuwaeleza wanunuzi mwenyewe, kwa maneno makali kuliko ya mtafiti.

Blanchard alisimama kando akimsikiliza, moyo umejaa. Mama Valérie alikuwa ameshaondoka. Abigaëlle, mtafiti wa zamu iliyofuata, anayechunguza maji ya visima, alikuwa akimngoja parokiani.