Dhahabu ya Mama Iliyogeuka Zambarau

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Wageni wakiondoka kwangu nahesabu vijiko, na mke wangu ameshachoka kuona haya. Kwa hiyo mama aliponiita kijijini Sapiwi akanikabidhi vipuli vyake vya dhahabu, viyeyushwe viwe pete ya mdogo wangu anayeolewa, jambo la kwanza nililowaza ni jinsi nitakavyoibiwa.

Sonara alikuwa wa kijijini hapohapo, ana kibanda karibu na mnada. Watu walisema hajawahi kuiba. Mimi nikasema moyoni, hajawahi kukamatwa. Nilishasikia kwamba masonara hubakiza punje za dhahabu kwenye chungu cha kuyeyushia, kesho yake wanazikwangua. Basi chungu chake nikakikataa. Nilikuja na kingine, nilichoazima kwa jirani yangu wa Bariadi mjini, ambaye huyeyusha alumini chakavu na kutengeneza sufuria.

Sonara alikigeuzageuza mkononi. "Mwalimu, hiki kimefanya kazi ya sufuria. Kuna alumini imegandia hapa chini."

"Yeyusha tu," nikamwambia. "Au una lako jambo?"

Akakwangua alichoweza, akapima vipuli mbele yangu, akawasha moto. Sikubandua macho. Kilichotoka kilikuwa kidonge cha rangi ya bilinganya, na alipokigonga kwa nyundo kikavunjika kama kashata. Akakipima, uzito umezidi. Nikasema ndivyo wanavyofanya hawa, wanachukua dhahabu wanakuwekea jiwe. Hasira zilinipanda. Vipuli vile marehemu baba alimnunulia mama walipouza pamba yao ya kwanza.

Nikampeleka kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Kwetu mwizi asiyekiri hutengwa pamoja na nyumba yake. Hapewi moto wala salamu, hakuna anayekwenda kwenye harusi wala msiba wake, na atakayekwenda naye anatozwa faini. Mbele ya mtemi, mkuu wao, sonara alisema kosa ni la chungu, alumini imeiharibu dhahabu. Watu wote wakanigeukia, maana nafundisha kemia sekondari.

Nikasimama. Kwa sauti yangu ya darasani nikaeleza kwamba metali hutoa elektroni, hazipokei. Ukichanganya metali mbili zinakaa pamoja kama mahindi na maharage kwenye makande, kila moja na lake. Dhahabu haiwezi kugeuka zambarau. "Huyu kabadilisha," nikasema. Mama mzee wa sonara alikuwa amekaa upande wa wanawake, ananitazama mdomoni. Wakamtenga sonara, mkewe na huyo mama. Nilirudi mjini nimeridhika kabisa.

Mwaka mmoja na kitu baadaye niliitwa Maswa kwenye semina ya walimu wa sayansi. Mwezeshaji akaonyesha picha ukutani, kidonge cha zambarau. Akasema dhahabu ina uchu wa elektroni kuliko karibu metali zote, na alumini huachia zake kwa urahisi. Zikiyeyushwa pamoja, chaji inahama kutoka alumini kwenda kwenye dhahabu. Atomi zinajipanga upya na kushikana kwa namna ambayo safu haziwezi tena kuteleza, ndiyo maana kitu kile ukikigonga kinavunjika badala ya kubonyea. Na kwa kuwa elektroni zimepangika upya, hazimezi mwanga uleule wa zamani, na ile rangi ya dhahabu inapotea.

Nilimshuku na yeye. Wakati wa chai nilimbana kwa maswali, kisha nikapekua vitabu siku mbili nikitafuta pa kumkamatia. Sikupata. Dhahabu ya mama ilikuwa yote mle kwenye vile vipande, na alumini niliileta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu ya ujanja wangu.

Nilikwenda kwanza kwa mtemi nikakiri. Akasema mtu yule ataondolewa adhabu ya kutengwa siku hiyohiyo, ila mimi niende mwenyewe nikamwambie.

Jumamosi asubuhi niliwakuta yeye na mkewe uani wanachambua pamba. "Mwangaluka," nikasalimu, wakaitikia. Nikasema yote: chungu, elektroni, uongo wangu wa kitaalamu mbele za watu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikuacha pamba.

"Nimekuelewa, mwalimu," akasema. "Mtemi ameshaniambia."

Nikauliza mayu, yule mama yake, yuko wapi, nimwombe radhi na yeye.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Alifariki wakati wa mvua. Tulimzika sisi wawili. Nani angekuja?"

Sikuwa najua. Nilikuwa mjini, na habari za nyumba ile sikuwahi kumuuliza mtu.

"Kuchimba si kitu, nina mikono," sonara akasema. "Ila alikuwa ananiuliza, mwalimu. Kila nikimpelekea uji ananishika mkono. 'Mwanangu, niambie mimi tu. Ulichukua?'"